Binti wa Ziwani Karudi

Wasichana wawili walirudisha kitabu cha pili cha hadithi ya Binti wa Ziwani kwa Baba Nuru, mkodishaji vitabu, wamenuna.

"Mwandishi katuharibia," alisema Tabu. "Katika cha kwanza binti wa mfalme alimezwa na ziwa. Hata hadithi ya bibi yangu iko hivyo, na kwake harudi. Humu karudi, eti ana njaa."

"Aliyekufa kafa," mwenzake alidakia. Tabu akamfinya.

Baba Nuru alikipokea kitabu. Hospitalini, marehemu mwanawe Nuru alikuwa amebishana naye mpaka sauti ikamwisha kwamba binti yule atarudi, na yeye alimkatalia.

Walipoondoka alikifunika kitabu kwa gazeti, akikunja pembe kama Nuru alivyopenda. Mteja aliyefuata alipokiulizia, Baba Nuru alikikumbatia.

"Hiki kina mtu," alisema. "Anakuja kukichukua."

Akageuka kutazama barabarani.