Mlango Uliozoea Busha

Mji ulipopiga marufuku funguo, kila mlango ulimjua mwenyewe kwa mwendo wake, na mwendo huandikishwa mara moja tu maishani. Hata aliye ndani hawezi kukufungulia. Mzee Shomvi aliandikishwa akiwa na busha, akitagaa kama aliyebana mtungi mapajani.

Miaka kumi na miwili alilaumu madafu. Daktari akamcheka. "Madafu hayana kosa, babu. Ni mbu na vijiminyoo vyake." Wakampasua, wakatoa maji, wakamshona. Wiki mbili baadaye alirudi nyumbani mwepesi, kanzu imemkaa sawa, anatembea kama bwana harusi.

"Sikutambui," mlango ukasema.

Mkewe, Bi Mwanahija, akaita kutoka ndani, "Tagaa kama zamani, baba Zaina."

Majirani walikuwa barazani, wanatazama. Shomvi akatanua miguu, akajikokota. Mlango ukafunguka.

Tangu hapo huingia hivyo kila siku. Juzi Bi Mwanahija alimwona akienda jikoni kuchota maji ya kunywa. Hakukuwa na mlango wowote unaomtazama, naye alikuwa anatagaa.