Posa Mbele ya Hakimu

Hakimu alinusa saileji ya dalali, akapiga chafya, akarudi nyuma.

“Hajaizoea tu,” dalali alijitetea.

“Hakimu hana upendeleo,” mfugaji alimjibu.

Hakimu alikuwa ng'ombe wa maziwa, na hukumu yake haikukatiwa rufaa. Watu wawili walikuwa wameleta posa: dalali wa viwanja na fundi cherehani. Mfugaji aliwaamkia kwa adabu, akampa kila mmoja majani ya mahindi na mfuko wa nailoni, akawaambia wakavundike saileji, lishe ya ng'ombe ya majani yaliyochachushwa. Ng'ombe akisusa, posa imekataliwa. Mwanamume asiyeweza kuacha mfuko umefungwa mpaka majani yachachuke, alisema, ndoa ataiwezea wapi?

Binti yake alisimama kando ya hori. Moyo wake ulikuwa kwa fundi. Tangu aanze kupita pale, nyumba iliyokuwa imepoa kama jiko la jana ilijaa vicheko. Lakini fundi hakuwa amewahi kufuga hata kuku. Alipopewa mfuko, aliushona mdomo kwa cherehani. Binti alimkuta, akamweleza kwa upole kwamba hewa ikipenya kwenye matundu ya sindano, majani yanaoza. Fundi akafumua, akashindilia upya, akaufunga kwa mpira wa tairi. Kama walikuwa wamechelewa, ni Hakimu tu angejua.

Dalali alikiri kwamba mfuko wake alikuwa akiufungua kila asubuhi, kuona maendeleo. Ulinuka kama soksi za msafiri.

Fundi akamwaga saileji yake horini. Harufu yake ilikuwa kali kidogo na tamu, kama tunda lililoiva kupita kiasi. Hakimu alisogea, akanusa, akageuza uso. Binti akafumba macho.

Kisha zizi likajaa sauti ya kutafuna.

Alipofumbua macho, hori lilikuwa tupu, na Hakimu alikuwa akilamba mfuko wa shati la fundi akitafuta nyongeza. Dalali aliondoka akinung'unika kwamba ng'ombe amehongwa.

Mfugaji alivua kofia, akaushika mkono wa fundi kwa mikono yake yote miwili. Kisha akamgeukia binti yake.

“Kamwite bibi yako,” alisema. “Mwambie mwanawe ameridhia mama yake aolewe.”