Jina la Mpokeaji

Siku hizi haingii mtu stendi mpaka msafiri amwandike, na kila msafiri anaruhusiwa kuandika jina moja tu la mpokeaji. Bi Nyamizi, aliyeuza uji hapo hapo stendi miaka ishirini enzi za vumbi na wapiga debe, aliuendea mlango wa kioo na hotpoti lake la wali na kuku wa kienyeji. Mwanawe wa pekee, Mihayo, alimwambia jana, "Nimekuandika, mama."

Mlango ukamsoma uso. "Samahani, mama. Hakuna msafiri aliyekuandika."

"Hebu soma tena."

Ukasoma. Jibu likawa lile lile.

Basi la Dodoma lilikuwa limeshafika. Kupitia kioo alimwona Mihayo akishuka, na mkwewe, mama wa mke wake, akimpokea begi huku amejifunga kitenge kipya. Kisha Mihayo akageuka kando, akatoa simu. Simu ya Bi Nyamizi ikaita.

"Mama, basi limetuharibikia Singida. Leo sifiki. Usijisumbue kwenda stendi."

Bi Nyamizi alikitazama kisogo cha mwanawe. Hotpoti lilikuwa bado la moto kifuani.

"Haya, baba," akasema. "Umekula lakini?"