Keki ya Uma Mmoja

"Keki ya kilo mbili, isiandikwe kitu, uma mmoja."

Ujumbe ulikuwa uleule kila Jumatano, kutoka namba ileile isiyo na jina. Mama Keki aliusoma kwa sauti, akamtazama wifi yake, dada wa marehemu mumewe.

"Kilo mbili ni ya watu ishirini," wifi akasema. "Hao wengine anawalisha kwa mkono?"

"Hakuna wengine, wifi. Anakula peke yake."

Alijua kwa sababu naye yalishamkuta. Keki ikiiva huumuka juu, na ule mgongo lazima ukatwe ili isawazike. Kwa miaka kumi na minane migongo ya keki zote za mtaa ule iliishia mdomoni mwa Mama Keki. Magoti yalipogoma, daktari akakataa kumfanyia upasuaji mpaka apungue kilo kumi na tano, akampeleka kwa mshauri wa mambo ya ulaji.

Mshauri alikuwa binti mwembamba, nadhifu, asiye na hata kunyanzi kwenye shati. Mama Keki hakumwamini hata kidogo.

"Mwanangu, wewe keki unaijulia wapi?" alimwuliza siku ya kwanza.

Mshauri alicheka, akazipanga upya kalamu kikombeni, kalamu tatu na uma mweupe wa plastiki, kisha akamfundisha swali moja tu. Kabla hujatia kitu mdomoni, jiulize: nani ana njaa, tumbo au moyo?

"Na ikiwa ni moyo?"

"Basi keki haitaushibisha, mama. Tafuta mtu uongee naye."

Swali lilikuwa la kitoto, lakini lilifanya kazi, jambo lililomuudhi sana. Kisu mkononi, mgongo wa keki unamwita, anajiuliza, na jibu halibadiliki: moyo, tangu mumewe afariki. Basi anampigia wifi, wanaongea upuuzi mpaka hamu inaisha. Baadaye wifi akaanza kuja mwenyewe, kwa madai kwamba simu inamchosha sikio. Kilo kumi na mbili zilikwenda hivyo. Zilibaki tatu.

Jumatano hiyo Mama Keki alishindwa kutulia. Alimaliza kuipaka keki, akaujaza mfuko wa kuandikia krimu ya buluu.

"Kasema isiandikwe kitu," wifi akamkumbusha. "Utamfukuza mteja wako. Akikasirika je?"

"Akikasirika atapiga simu. Angalau nitaisikia sauti yake."

Akaandika kwa herufi za mviringo, katikati kabisa: Nani ana njaa, tumbo au moyo? Mwenye pikipiki akaichukua kwenda kuiacha kwa mlinzi wa getini, kama kawaida.

Simu haikupigwa. Jumatano iliyofuata ujumbe nao haukuja. Mama Keki aliitazama simu mchana kutwa, akijilaumu. Alikuwa amemwumbua mtu asiyemjua, tena kwa buluu. Jioni alikata mgongo wa keki ya harusi ya watu, akaula wote amesimama, bila kujiuliza chochote. Wifi aliliona lile sinia tupu, akajifanya hajaliona.

Kesho yake ilikuwa zamu yake kwa mshauri. Alipanda ngazi akichechemea, maneno ya kuungama ameshayapanga: nimekula, na nimempoteza mteja, na nahisi nimemjeruhi mtu. Alipofungua mlango alikuta kiti laini, kile cha wagonjwa, kimekaliwa. Aliyekikalia ni mshauri mwenyewe, boksi la tishu mapajani, shati limekunjamana.

"Leo kaa kule, mama," alisema, akimwonyesha kiti cha upande wa pili wa meza.

Mama Keki alizunguka, akakaa taratibu kwa ajili ya magoti.

"Kulikoni, mwanangu?"

Mshauri alinyoosha mkono. Aliuchomoa ule uma kikombeni, akauweka mezani katikati yao.

"Ni moyo, mama."