Helmeti ya Shemeji

Pikipiki zilimpita Misheck kwa makelele ya honi, kila moja imefungwa matawi mabichi mbele na nyuma, hadi barabara ya Ishiara ikawa kama kichaka kinachokimbia. Akajua papo hapo: kuna mwendesha boda amekufa.

Alisogea kando, akawapisha. Leo hakuwa na haraka. Leo alikuwa anaendesha kama mtu aliyebeba mayai, taa imewashwa mchana kweupe, na kichwani helmeti ya shemeji yake, ile ya kioo cheusi inayobana masikio.

Maishani mwake Misheck hakuwa amewahi kuvaa helmeti. Alisema inamharibia nywele. Lakini jana jioni alikata kona bila kupunguza mwendo, akakutana na mbuzi wa watu katikati ya barabara, na kilichofuata ni kuona mbingu iko chini na ardhi iko juu. Alipojipapasa alikuta kiwiko kimechunika, simu imepasuka, na pikipiki yake imeteremka hadi kwenye mchanga wa mto mkavu. Akaiacha imelala huko, akachechemea hadi kwa dada yake Ruguru.

Ruguru alimwosha kiwiko kwa maji ya chumvi, na maneno yake yalichoma kuliko hayo maji.

"Chukua simu yangu umpigie Winfred."

"Nitamwambia ana kwa ana."

"Utamwambia nini?"

Winfred, mkewe, alikuwa amesema tangu ile ajali ya kwanza: "Ukianguka tena, Baba Igoki, usirudi hapa na hadithi. Rudi na mnunuzi wa hiyo pikipiki." Na Winfred hakuwa mtu wa kusema jambo ili kupitisha wakati. Bila pikipiki, Misheck angerudi kulima ndengu za babake na kuomba ruhusa ya kwenda sokoni.

Kwa hiyo asubuhi hii, juu ya pikipiki ya shemeji, ndani ya jaketi la shemeji, alikuwa anatafuta uongo wa kufika nao nyumbani. Sasa huu hapa, umempita ukipiga honi. Matanga. Mwanamume akilala nje kwa sababu ya matanga, nani atamuuliza?

Akavunja tawi la mukau kando ya barabara, akalichomeka mbele ya taa, akajiunga na mkia wa msafara.

Karibu naye palikuwa na kijana kichwa wazi, amebeba wenzake wawili, anayumba huku na huku kama mlevi.

"Nani ametuacha?" Misheck alimuuliza kwa sauti.

"Sijui, bosi. Sisi ni wa kutoka huko Gachoka. Tumeitwa tu, tukakuja."

"Na amekufaje?"

"Si mvua ilinyesha huko juu usiku, mito ikateremka? Asubuhi nduthi yake imepatikana darajani, magurudumu yamejikunja kama waya. Mwenyewe bado anatafutwa kwa maji."

Yule wa nyuma kabisa akaongeza, ameshika kofia yake isipeperuke: "Wanasema alikuwa mtu wa mbio, hasikii la mtu. Helmeti alikuwa anaita sufuria."

Sufuria. Hilo lilikuwa neno la steji yao ya boda, lake yeye na Gachoki, jirani yake wa ua kwa ua. Hakukumbuka nani kati yao alilianzisha. Gachoki wa kuendesha ameachilia mikono. Gachoki wa kupita lori kwenye kona huku anacheka.

"Wewe nawe," Misheck alimwambia rafiki yake ndani ya helmeti, na kioo kikaingia ukungu. "Si nilikuambia?"

Lakini hakuwa amemwambia. Ukweli ni kwamba walikuwa wakishindana.

Akamwaza mke wa Gachoki, anavyokaa sasa hivi, watu wakimpa chai asiyoinywa. Kisha akamwaza Winfred katika kiti hichohicho. Na ule uongo aliokuwa ameupanga vizuri ukamtoka wote, kama upepo unavyotoka kwa tairi. Atamwambia ukweli: mbuzi, kona, kiwiko, kila kitu. Akisema iuzwe, iuzwe.

"Wewe wa Gachoka," aliita. "Punguza. Na hao wawili, mmoja aje kwangu."

Yule wa nyuma akahamia kwake, akamshika kiunoni, na Misheck akaendesha polepole hadi wengine wakamwachia vumbi.

Msafara ulichepuka kwenye njia ya kijijini kwao, kama alivyotarajia. Ulipita lango la kina Gachoki bila kusimama, ukaingia lango la pili, lake mwenyewe. Misheck akaelewa. Ua wa Gachoki ni mdogo na una mteremko. Winfred ni mtu wa watu, lazima amewafungulia waombolezaji ua wake, na zile sufuria kubwa juu ya mafiga ni za chama chake cha akina mama.

Akaegesha karibu na mlango. Abiria wake akashuka, akasema asante. Misheck alikuwa bado anahangaika na kamba ya helmeti wakati mtu alipotoka nyumbani mwake, macho mekundu, shati nje, akaja moja kwa moja kumpa mkono.

Alikuwa Gachoki.

"Asante kwa kuja, kijana," Gachoki alisema, akakigonga taratibu kile kichwa cha helmeti. "Na asante kwa kuvaa hii sufuria. Misheck angevaa moja jana, Winfred hangekuwa analia huko ndani."