Simu za Jumapili

“Mama yetu alikuwa haishiwi maneno,” kaka alisema kwenye kipaza sauti, na waombolezaji wakacheka. Nani asiyemjua bibi yule aliyenadi nyanya sokoni mpaka mtaa wa pili ukamsikia, akasomesha watoto na hata wajukuu?

“Lakini uzeeni alijua kusikiliza. Kila Jumapili nilimpigia simu, nikamweleza yangu yote, na hakunikatiza hata mara moja.”

Majirani wakatazamana.

Mdogo wake wa kike, aliyemuuguza mama, akainamisha kichwa. Mwaka mzima, ambao kaka hakufika nyumbani, mama alikuwa bubu, kiharusi kimemnyang’anya sauti. Yeye ndiye aliyemshikia simu sikioni. Kila alipotaka kumwambia kaka yake, mama alimfinya mkono mpaka kucha zikazama: mwache agundue mwenyewe. Mama akasubiri aulizwe tu, “Mbona kimya?” Kaka akamaliza yake, akakata.

“Au siyo, mdogo wangu? Si wewe uliyekuwa ukimshikia simu?”

Alama za kucha mkononi mwa mdogo mtu zilikuwa bado hazijapona. Akazifunika kwa kiganja, kisha akaziacha wazi, akanyoosha mkono uleule kupokea kipaza sauti.