Mfuko Kitandani

Daktari alimweleza Mwanakheri taratibu: mshipa wa moyo wake ulikuwa umechanika wenyewe. Kupitisha waya ndani yake kungeweza kuuchana zaidi, na hakukuwa na haja ya kumpasua. Aende nyumbani, ameze vidonge, apumzike, asinyanyue kitu kizito, mshipa utapona.

Mumewe, Shaweji, akasonya. "Kupumzika nako ni dawa? Basi huyu mke wangu kazaliwa daktari!"

Akatangulia kutoka wodini akichezea funguo. Mfuko wa nguo na vyombo akauacha kitandani, ubebwe na mbebaji wake wa siku zote.

Mwanakheri akautazama mgongo ule, mpana kama mlango, usiowahi kubeba hata ndoo. Akavaa kandambili.

Getini Shaweji akageuka. "We, mfuko uko wapi?"

Mwanakheri alikwisha kumpita, mikono ameinyoosha mbele, vidole wazi, kama anayekausha hina.